Kulehemu pedi ndogo za pedali ya gitaa

Kulehemu pedi ndogo za pedali ya gitaa ni kazi ya kuunganisha vipande vya elektroniki na visahani vidogo vya shaba vilivyo juu ya bodi ya saketi ya pedali, kwa kuyeyusha aloi laini ya metali iitwayo lehemu. Visahani hivyo ndivyo huitwa pedi. Pedali ya gitaa, au kanyagio, ni kisanduku kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa la umeme na amplifaya. Mpigaji hukikanyaga kwa mguu ili kubadilisha sauti, kwa mfano kuikwaruza, kuipa mwangwi au kuitikisa.

Mitaani lehemu hujulikana zaidi kwa jina la risasi, kwa sababu kwa miaka mingi aloi ya kawaida ilikuwa na risasi ndani yake. Jina hilo huleta utata: mtu anaweza kuomba "risasi" dukani akapewa waya usio na risasi hata chembe, unaohitaji joto kubwa zaidi kuliko alilozoea. Katika makala hii lehemu ni aloi ya kuunganishia, na risasi ni metali yenyewe.

Kuyeyusha lehemu si jambo gumu. Ugumu wa pedi ndogo ni kwamba imeshikwa kwenye bodi kwa gundi, na gundi hiyo hulegea kwa joto lilelile linaloyeyusha lehemu. Pedi ikibanduka, kipande cha bei ndogo kabisa kinaweza kuharibu bodi nzima.

Pedali na mafundi wake

Pedali ya kwanza ya kukwaruza sauti iliyouzwa madukani kwa wingi ni Maestro Fuzz-Tone ya Marekani, mwaka 1962. Fuzz Face ilitokea London mwaka 1966, Big Muff ya Electro-Harmonix ilifuata New York mwaka 1969, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 zilikuja za Kijapani kama Boss DS-1 (1978) na Tube Screamer ya Ibanez. Zote hizi bado zinatengenezwa au kuigwa, na saketi zao ndizo zinazorudiwa katika vifurushi vingi vya kujiundia pedali.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa mji wa magitaa. Bendi za muziki wa dansi zilikuwa na gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na mara nyingi vyombo havikuwa mali ya wanamuziki bali ya taasisi iliyoimiliki bendi. NUTA Jazz ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilikuwa chini ya shirika la DDC. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na vifaa vya elektroniki kutoka nje vilikuwa adimu mpaka serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984. Katika hali hiyo amplifaya iliyonyamaza haikutupwa. Ilipelekwa kwa fundi redio. Ustadi wa kurudisha uhai kwenye bodi ya zamani bila kuivunja ulijengwa na mafundi hao, na mbinu zao nyingi zinatumika vilevile kwa pedali.

Siku hizi pedali huingia nchini zikiwa mpya za bei nafuu, zikiwa zimetumika, au zikiwa vipande ndani ya mfuko pamoja na bodi tupu. Mpiga gitaa wa kanisani anayeishi Boko, kando ya barabara ya Bagamoyo kaskazini mwa Tegeta, anaweza kupata rezista, kapasita na waya Kariakoo kwa safari ya nusu siku. Bodi yenyewe hawezi kuipata huko, iliagizwa ng'ambo. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya pedi iwe na thamani kuliko kipande kinachokaa juu yake, na ndiyo sababu mafundi wazoefu huwa tayari kukata na kutupa rezista nzima ili kuiokoa pedi.

Pedi imeundwaje

Karatasi ya shaba kwenye bodi ya kawaida ina unene wa mikromita 35 hivi, yaani karibu nusu ya unene wa unywele. Imegandishwa juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi, aina iitwayo FR-4, au juu ya karatasi iliyokaushwa na fenoli, ambayo ni bodi ya rangi ya kahawia inayoonekana katika redio na pedali nyingi za zamani. Bodi ya fenoli huvumilia joto kidogo zaidi ya yote. Epoksi ya FR-4 ya kawaida nayo huanza kulainika kwenye nyuzi 130 hadi 140 za Selsiasi, na hakuna lehemu ya kawaida ya elektroniki inayoyeyuka chini ya hapo. Kwa hiyo kila mara fundi anapolehemu, gundi chini ya pedi inalegea kwa muda. Bodi ikiachwa itulie hadi ipoe, gundi hushika tena. Ikisukumwa, ikivutwa au ikipikwa muda mrefu wakati imelegea, pedi hubanduka.

Tofauti kubwa ni kati ya bodi ya upande mmoja na ya pande mbili. Bodi ya pande mbili ina matundu yaliyopakwa shaba ndani, na bomba hilo la shaba huunganisha pedi ya juu na ya chini kama ribiti iliyopigwa pande zote. Pedi ya aina hii hung'oka kwa nadra. Bodi ya upande mmoja haina bomba. Pedi yake ni pete nyembamba iliyozunguka tundu la milimita 0.8 hadi 1, na kinachoizuia ni gundi peke yake. Pedali za miaka ya 1970, nyingi za bei nafuu za leo na zote zinazochongwa nyumbani ziko katika kundi hili. Bodi ya milia ya shaba yenye matundu kila milimita 2.54, inayopendwa na wanaoanza, ni ya kundi hilohilo, na mlia wake hubanduka kama utepe.

Mahali pedi ilipo pia kuna maana. Katika redio bodi inakaa imetulia, lakini pedali inakanyagwa. Pedi zinazoshika potenshiometa, tundu la jeki na swichi ya mguu hupokea kila msukumo wa mkono, waya na kiatu, hasa pale mtengenezaji alipotumia lehemu kama kishikizo badala ya nati. Fundi anayefungua pedali iliyokufa huanza kutazama hapo kabla ya kushuku transista.

Joto na muda

Lehemu ya asilimia 63 stani na 37 risasi huyeyuka kwa nyuzi 183 hasa, bila kupitia hali ya uji. Ile ya 60 kwa 40, iliyozoeleka zaidi, ina uji mfupi kati ya 183 na takriban 190. Lehemu isiyo na risasi yenye stani, asilimia 3 fedha na 0.5 shaba huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220, na ile ya stani na shaba pekee kwenye 227. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki tarehe 1 Julai 2006, hivyo pedali ya kiwandani ya baada ya hapo huwa na aloi ngumu kuyeyuka, na ya kabla ya hapo huwa na ile laini.

Ncha ya chuma cha kulehemu huwekwa juu zaidi ya kiwango cha kuyeyuka: nyuzi 320 hadi 350 kwa lehemu yenye risasi, 350 hadi 380 kwa isiyo na risasi. Muda wa kugusa pedi ndogo ni sekunde mbili hadi tatu. Wanaoanza mara nyingi hufikiri kwamba joto la chini ni salama zaidi, na hapo ndipo wanapoziharibu pedi nyingi. Ncha ya nyuzi 270 haiyeyushi lehemu haraka, hivyo fundi huikandamiza na kungoja sekunde kumi. Katika muda huo joto huenea kwenye gundi yote iliyo chini ya shaba. Ncha yenye joto la kutosha huingia, hufanya kazi na kutoka kabla gundi haijalegea kwa kina.

Kosa la pili ni ncha ya sindano. Inavutia kwa sababu pedi ni ndogo, lakini sindano hugusa kwa nukta moja na kupitisha joto kidogo mno. Ncha bapa kama patasi, yenye upana wa milimita 1.5 hadi 2.4, hulala kwa wakati mmoja juu ya pedi na mguu wa kipande, ikavipasha vyote pamoja. Sindano inafaa kwa sehemu zilizobanana sana tu.

Chuma cha bei nafuu kisicho na kidhibiti joto kina tabia ya pekee, na umeme wa mtaani huizidisha. Kikiachwa mezani bila kazi hupanda hadi zaidi ya nyuzi 400. Kikigusa shaba pana hushuka ghafla. Zaidi ya hayo, nguvu yake hufuata mraba wa volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukishuka hadi 200, jambo la kawaida jioni mwishoni mwa laini ndefu, chuma cha wati 30 hubaki na wati 23 hivi, karibu robo nzima imepotea ingawa taa za nyumba bado zinawaka vizuri. Fundi asiyejua hili hulaumu lehemu au mkono wake. Chuma chenye kidhibiti hufidia upungufu huo kwa kuwaka muda mrefu zaidi. Vyuma vidogo vya umeme wa moja kwa moja wa volti 12 hadi 24 vinaweza kutumia betri ya gari au ya sola umeme unapokatika, lakini navyo hufuata kanuni ya mraba: chenye uwezo wa wati 60 kwenye volti 24 hutoa wati 15 tu kwenye volti 12.

Pedi za ethi ni ngumu kuliko nyingine. Zimeunganishwa na uwanja mpana wa shaba unaonyonya joto kabla halijafika kwenye lehemu. Bodi iliyochorwa vizuri huziunganisha kwa vijia vinne vyembamba ili kupunguza unyonyaji huo. Pale vijia havipo, fundi hubadilisha ncha kuwa pana zaidi. Kuongeza nyuzi husaidia kidogo tu, kwani kinachokosekana ni wingi wa joto.

Usafi, chumvi ya bahari na fluksi

Lehemu hushika metali safi tu. Shaba iliyo wazi hupata oksidi hewani, na ukanda wa pwani una unyevu na chumvi vinavyoharakisha jambo hilo. Bodi iliyokaa miezi kadhaa nje ya mfuko wake huko Boko, Kunduchi au Kigamboni hubadilika kutoka rangi ya waridi inayong'aa kuwa kahawia iliyofifia, na lehemu hukaa juu yake kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Bodi za kiwandani zilizopakwa stani au dhahabu hudumu zaidi.

Pedi iliyofifia husuguliwa polepole kwa kifutio cha penseli, kisha hufutwa kwa spiriti au alkoholi ya isopropili. Msasa mlaini hutumika kwa pedi kubwa. Kwenye pedi ndogo unaweza kula shaba yenyewe. Stiliwaya ya kusugulia sufuria haifai, kwa kuwa nyuzi zake za chuma hukatika na kubaki katikati ya njia za shaba, na pia hunaswa na sumaku za pikapu za gitaa lililo karibu.

Fluksi ni dawa inayoondoa oksidi wakati wa joto na kuiacha lehemu itiririke. Katika waya wa lehemu wa elektroniki fluksi iko ndani, kama wino ndani ya mrija wa kalamu, na kwa kawaida hutokana na ulimbo wa msonobari. Fluksi hiyo huungua upesi, na ndiyo sababu lehemu iliyoyeyushwa kwenye ncha na kubebwa hadi kwenye pedi hutoa kiungo kibaya: inapofika, fluksi imekwisha kuwa moshi. Kwa pedi ndogo hupakwa fluksi ya ziada ya ulimbo kabla ya kuanza.

Ipo fluksi nyingine inayopaswa kukaa mbali kabisa na bodi: tindikali wanayotumia mafundi bati kuunganishia mabati na vibatari. Hung'arisha shaba mara moja na lehemu hukimbia juu yake kwa raha, hivyo mtu huona amepata suluhisho. Mabaki yake hayatoki kwa kufuta. Huvuta unyevu wa hewa, hula shaba taratibu na kupitisha umeme kati ya pedi jirani, na baada ya miezi michache pedali huanza kuvuma au kunyamaza bila sababu inayoonekana.

Namna ya kulehemu

Waya wa lehemu kwa pedi ndogo ni wa milimita 0.5 hadi 0.8. Waya mnene wa milimita 1.5, unaofaa kwa nyaya za spika, hutoa lehemu nyingi mno kabla mkono haujawahi kurudi nyuma.

Vipande vifupi hutangulia: rezista na diodi, kisha soketi ya saketi jumuishi ambayo mafundi huiita IC, kisha kapasita, mwisho potenshiometa na nyaya. Mpangilio huu huwezesha bodi iliyogeuzwa kulala mezani na kukibana kipande mahali pake. Miguu hupanuliwa kidogo upande wa chini ili kisidondoke. Ncha hufutwa kwa sponji yenye unyevu au nyuzi za shaba njano, hupakwa lehemu kidogo sana, kisha hulazwa kwenye kona ya pedi na mguu kwa pamoja. Baada ya sekunde moja waya wa lehemu huletwa kutoka upande wa pili na kugusa pedi, si ncha. Lehemu ikiyeyuka kwa joto la pedi yenyewe, ni uthibitisho kwamba pedi imefika. Milimita mbili au tatu za waya hutosha. Waya huondolewa kwanza, ncha hufuata, na bodi haiguswi mpaka lehemu igande.

Kiungo kizuri kina umbo la mlima mdogo wenye miteremko iliyobonyea kuelekea kwenye pedi, na mguu unaonekana kileleni. Kiungo cha duara kama gololi kina lehemu nyingi au hakikushika pedi. Kile chenye uso wa chengachenga, kinachoitwa kiungo baridi, kilitikiswa wakati wa kuganda au hakikupata joto. Kung'aa si kipimo cha kutegemea peke yake, kwani lehemu isiyo na risasi hufifia hata kazi ikiwa safi.

Feni ni tatizo dogo la joto la Dar es Salaam ambalo vitabu vya nchi baridi havilitaji. Ikipuliza moja kwa moja mezani hupoza ncha na kiungo kabla ya wakati. Ikiwekwa ubavuni ili ivute moshi kupita mbele ya fundi, hufanya kazi mbili kwa pamoja.

Transista za jerimani, zilizotumika katika Fuzz Face za mwanzo na bado hutafutwa kwa sauti yake, huharibika kwa joto upesi kuliko za silikoni. Mguu wake hubanwa kwa koleo ndogo au kibanio cha chuma kati ya pedi na mwili wa transista ili joto liishie hapo. Njia iliyo salama zaidi ni kulehemu soketi na kuichomeka transista baadaye. Hivyo pia huwezesha kujaribu kadhaa bila kurudia kuchoma pedi zilezile.

Vipande visivyo na miguu

Pedali nyingi za karne ya 21 zina vipande vinavyolala juu ya bodi bila kupita kwenye tundu. Kipimo kiitwacho 0805 kina urefu wa milimita 2.0 na upana wa 1.25, cha 0603 ni milimita 1.6 kwa 0.8. Mafundi simu wa Kariakoo hushughulika kila siku na vidogo zaidi ya hivyo, na mpiga gitaa anayeogopa kazi hii anaweza kujifunza mengi kwa kukaa karibu na meza yao.

Pedi moja hupakwa lehemu kidogo kwanza. Kipande hushikwa kwa kibano, lehemu huyeyushwa tena, na kipande husukumwa ndani yake kikiwa kimelala. Kikishashika upande mmoja, upande wa pili hulehemiwa kwa kawaida, kisha wa kwanza hurudiwa kwa fluksi mpya. IC ya aina hii, yenye miguu kila milimita 1.27, hushikizwa kwa miguu miwili ya pembe zinazokabiliana kabla ya mingine. Lehemu ikiunganisha miguu jirani, fluksi na ncha safi iliyovutwa kuelekea nje kwa kawaida huondoa daraja hilo. Bloa ya hewa moto husaidia kutoa vipande hivi, lakini huyeyusha plastiki ya potenshiometa na swichi zilizo jirani, kwa hiyo hizo hufunikwa au hutolewa kwanza.

Kutoa kipande bila kung'oa pedi

Pedi nyingi hufa wakati wa kutoa kipande, si wakati wa kukiweka. Fundi huyeyusha upande mmoja, huvuta, upande wa pili umegandamana. Au huyeyusha na kukiinua kipande kabla lehemu haijalainika yote, na pedi hufuata mguu.

Kipande kisichohitajika tena hukatwa. Rezista hukatwa katikati, IC hukatwa miguu yake mmoja mmoja kwa koleo kali karibu na mwili wake, kisha kila mguu hupashwa peke yake na kutolewa kwa kibano bila nguvu. Ni njia ya polepole na ya uhakika, na IC za kawaida za pedali kama TL072 na 4558 ni za bei ndogo kiasi kwamba hakuna sababu ya kuziokoa kwa gharama ya bodi.

Kwa lehemu ya zamani au isiyo na risasi, kwanza huongezwa lehemu mpya yenye risasi. Inaonekana kama kinyume cha kazi, kwani lengo ni kuondoa, lakini mchanganyiko huyeyuka kwa joto dogo na fluksi mpya huurahisishia kutoka. Kisha hutumiwa pampu ya kunyonyea au utambi wa shaba. Utambi huwekwa kati ya ncha na pedi, ukiwa na fluksi, na huinuliwa pamoja na ncha wakati bado una moto. Ukiburutwa, au ukiachwa ugande, hung'oa pedi kwa mkono mmoja. Pampu nayo isikandamizwe kwenye pedi, maana teke la springi yake linatosha kuiondoa pete iliyolegea. Tundu lililoziba hupashwa upande mmoja na kusukumwa kijiti cha meno upande wa pili. Mti haushiki lehemu.

Pedi ikigoma mara mbili, huachwa ipoe kabisa. Fundi anayerudia mara ya tano kwa haraka anaipika gundi bila kupumzika.

Pedi iliyong'oka

Pedi iliyoinuka lakini bado imeunganishwa na njia yake haikatwi. Husafishwa, hulazwa chini kwa tone la epoksi na kuachwa ikauke, kisha hulehemiwa kwa muda mfupi sana.

Iliyokatika kabisa hupitwa. Njia ya shaba iliyokuwa ikienda kwenye pedi hufuatwa, rangi ya kinga ya kijani hukwanguliwa kwa ncha ya wembe kwa milimita mbili au tatu, shaba iliyoonekana hupakwa fluksi na lehemu. Mguu wa kipande hukunjwa juu ya bodi na kulehemiwa hapo moja kwa moja. Usipofika, hutumika kipande cha mguu uliokatwa kwenye rezista nyingine, ambao mafundi huuhifadhi kwa kazi hii hasa. Umbali ukiwa mrefu hutumika waya mwembamba wenye gamba, ukienda hadi kwenye pedi nyingine yoyote iliyo kwenye njia ileile. Mita hupimwa kwanza kuhakikisha ni njia ileile kweli. Kwenye bodi ya pande mbili hukaguliwa pande zote mbili, kwa sababu bomba la ndani likitoka na pedi, njia ya juu huwa imekatika pia ingawa haionekani kuguswa. Mwishoni kipande hugandishwa kwa gundi ili uzito wake usivute kiungo kipya.

Kwa sauti hakuna tofauti. Waya wa sentimita moja au mbili katika saketi ya volti 9 haubadilishi chochote kinachosikika, na pedali iliyofanyiwa kazi hii vizuri hufanya kazi miaka mingi.

Kupima kabla ya kufunga

Mita huwekwa kwenye mlio na kila pedi hupimwa na jirani yake, halafu kati ya chanya na ethi ya umeme; mlio hapo unamaanisha kuna daraja la lehemu. Pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za vifaa vya nyumbani. Adapta iliyogeuzwa imeua IC nyingi ambazo lawama yake ilipelekwa kwenye pedi. Jaribio la kwanza hufanywa kwa betri, ambayo haina mvumo wa umeme wa ukutani na ikikosewa haina nguvu kubwa ya kuunguza. Pedali ikipiga kelele inapogongwa kwa kijiti, kiungo kilicho karibu na mahali pa mgongo huo hurudiwa kwa fluksi.

Afya

Kwa joto la kulehemu risasi haigeuki mvuke kwa kiasi cha maana. Moshi mweupe unaoonekana ni wa fluksi, na ulimbo unaoungua unajulikana kusababisha pumu kwa watu wanaouvuta kwa miaka. Risasi huingia kwa njia nyingine: mikono, kisha chakula, sigara na midomo. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kwenye damu kuwa salama, na watoto wadogo ndio huathirika zaidi, hasa ubongo wao unaokua.

Jambo hili ni zito zaidi pale karakana ni meza ya chumbani. Nyumba nyingi za vitongojini hutumia chumba kimoja kwa kazi, kula na kulala, na vipande vya waya na matone ya lehemu huangukia sakafu ambayo mtoto hutambaa. Kazi hufanywa juu ya trei yenye kingo, barazani au karibu na dirisha. Mabaki hukusanywa kwenye kopo lenye kifuniko, hayafagiliwi nje wala kuchomwa na taka. Meza na sakafu hufutwa kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu, unaorusha vumbi. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kushika chochote cha kuliwa. Waya wa lehemu haushikwi kwa meno, hata kwa fundi ambaye mikono yake miwili tayari ina kazi. Kwa ajili hiyo bodi hubanwa kwa kishikizo, au kwa vibanio vya nguo vilivyopigiliwa kwenye kipande cha ubao.